Kipandauso, Sindano na Mkoba wa Dawa: Uchambuzi wa Kisa cha Guangzhou

Usuli

Kisa hiki kilitokea Guangzhou, kusini mwa China, katika hospitali ya tiba ya Kichina. Nilikuwa pale kwa mafunzo ya vitendo, na kwa kuwa Kichina nakijua, wagonjwa wa kwetu walipokuja niliitwa kuwa mkalimani. Mgonjwa mwenyewe ameridhia kisa chake kiandikwe. Jina, umri kamili, mji anakotoka na mambo mengine ya kumtambulisha nimeyaondoa au kuyabadilisha. Nitamwita Dada M.

Ni Mtanzania mwenye miaka arobaini na kitu, mfanyabiashara, na wakati huo alikuwa na miaka miwili mjini pale akikusanya na kusafirisha mizigo ya wateja wa nyumbani. Wanaoijua kazi hii wanajua ratiba yake. Mchana uko sokoni na kwenye maghala. Usiku uko kwenye simu, maana saa za China zimetangulia zetu kwa tano, na mteja anayefunga duka jioni Dar es Salaam anakupigia wakati wewe ulitakiwa uwe umelala. Dada M alilala saa nane za usiku, akaamka saa kumi na mbili. Chakula cha mchana kilikuwa cha kubahatisha.

Kichwa kilimwanza akiwa msichana. Kinashika upande wa kulia, kutoka nyuma ya jicho hadi kisogoni, kinapwita kama moyo umehamia huko. Hutapika, na hataki mwanga, kelele wala harufu ya mafuta ya kukaangia. Kwa miaka mingi aliambiwa ni presha, mara ni macho, mara ni mawazo. Aliyelitaja jina sawasawa alikuwa bibi yake: kipandauso. Wachina huuita pian tou tong, maumivu ya upande mmoja wa kichwa.

Mbali na hayo, ana pumu tangu utotoni. Nyumbani hakuwahi kupelekwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu.

Ziara ya kwanza

Tiba ya Kichina humchunguza mgonjwa kwa njia nne: kutazama, kusikiliza na kunusa, kuuliza, na kushika mapigo. Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, alianza na ulimi. Kingo zake zilikuwa nyekundu, na juu kulikuwa na utando mwembamba wa njano. Kisha akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, upande mmoja kisha mwingine, kimya, kwa muda ambao Dada M alianza kuniangalia kama anayeuliza kuna nini. Daktari akasema mapigo ni xian. Vitabu vinayafananisha mapigo ya aina hiyo na uzi wa chombo cha muziki uliokazwa. Nikamwambia Dada M ni kama uzi wa udi uliovutwa ukakaribia kukatika. Akacheka, akasema ndivyo anavyojisikia mwili mzima.

Utambuzi ulikuwa ganyang shangkang, yaani yang ya ini imepanda juu. Katika nadharia hiyo ini ndilo linalosimamia mtiririko wa qi, yaani nguvu ya uhai, mwilini, na ndiko hasira na uchungu uliozuiwa hukaa. Yang ni upande wa joto na mwendo. Yin, upande wa utulivu, ndiyo inayoishikilia chini. Yin ikipungua kwa kukesha na kuchoka, yang hupanda kichwani. Na ule mfereji wa nyongo, njia mojawapo inayopitisha qi, ambao ni ndugu wa ini katika mpangilio wao, hupita pembeni mwa jicho, juu ya sikio, ukashuka kisogoni: palepale kidole cha Dada M kilipoonyesha.

Kiswahili chetu kina mlango mzuri wa kuingilia hapa. Mtu akikuumiza kwa maneno unasema amekukata maini, na hakuna anayekimbilia kipimo. Mlango huo niliuona baadaye. Siku ile nilitafsiri kavu: "Anasema ini lako limepanda."

Daktari aliuliza maswali mengi: usingizi, choo, kiu, hedhi, hasira. Mawili nayaandika kama yalivyokwenda.

Aliuliza kama kuna chochote kinachotangulia kichwa. Dada M akajibu, "Naona vinyota, macho yanacheza." Nikasema kwa Kichina: kizunguzungu. Kizunguzungu kinaingia vizuri kabisa kwenye picha ya yang inayopanda, kwa hiyo daktari aliandika akaendelea.

Aliuliza kama ana mimba, kwa sababu sindano kavu, isiyo na dawa ndani, ya sehemu ya mkono iitwayo Hegu huepukwa kwa wajawazito, na dawa ya kuchemsha aliyokusudia kuiandika ina mmea wa yimucao unaokaza mji wa mimba. Dada M akajibu, "Hapana mdogo wangu, si natumia vidonge vya mpango." Nikamgeukia daktari, nikasema: hana.

Mpango wa tiba ukawa huu: sindano mara 2 kwa wiki kwa wiki 5, na Tianma Gouteng Yin, mchanganyiko maarufu wa mizizi, maganda na mimea ya kutuliza yang, asubuhi na jioni. Alipewa pia daftari la kuandika kila siku ya kichwa na kila kidonge alichokunywa.

Wiki mbili za mwanzo

Sindano zilikuwa nyembamba kama unywele. Mbili zilichomwa Fengchi, vishimo vilivyo chini ya fuvu pande mbili za shingo. Moja Shuaigu, juu ya ncha ya sikio. Moja kwenye panja. Hegu kwenye nyama kati ya gumba na kidole cha shahada. Na miguuni Taichong na Zulinqi. Kila iliposhika, Dada M alisikia uzito na ganzi iliyotambaa, hali ambayo daktari huisubiri kabla hajaiacha sindano. Kisha taa zikazimwa, pazia likavutwa, akalala dakika 30. Simu ilibaki kwangu. Alilala fofofo mpaka akakoroma.

Kesho yake asubuhi akanipigia, na sauti yake ilikuwa na hofu. Hakulala usiku kucha akifikiria ini. Alikuwa na shangazi aliyekufa kwa homa ya ini, na tafsiri yangu ilimfikisha huko moja kwa moja. Kabla sijamaliza kumweleza alikuwa ameshakwenda kwenye maabara ya hospitali nyingine, akalipia vipimo vyote vya ini. Majibu yakatoka safi. Fedha ilikwenda, usiku mmoja wa usingizi ukaenda, na usingizi ndio uliokuwa sehemu ya tiba yenyewe.

Dawa ya kuchemsha aliinywa kwa kuziba pua. Kichwa kilipungua siku tatu za mwanzo, kikarudi.

Siku ya mkoba

Siku ya sindano ya tano alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, karatasi ya namba ya foleni mkononi. Akanishika mkono ghafla.

"Mdogo wangu, mbona nusu ya uso wako siioni?"

Nikamwambia afumbe jicho moja, kisha jingine. Kote vilevile. Akachora hewani kwa kidole mstari wa meno ya msumeno, akasema unametameta na unasogea pembeni. Nilitazama saa ya ukutani: saa nne na dakika kumi. Saa nne na nusu mwanga ulikwisha. Saa tano kasorobo kichwa kikaanza, upande uleule.

Hicho hakikuwa kizunguzungu. Hiyo ndiyo aura, dalili ya ubongo inayotangulia kipandauso kwa baadhi ya watu, ambayo huchukua kati ya dakika 5 na saa moja. Alikuwa amenieleza siku ya kwanza, kwa maneno yanayoeleweka, na mimi nilikuwa nimeibadilisha.

Nilimwambia daktari neno kwa neno. Hakushika sindano. Akauliza dawa zote anazotumia, zote. Dada M akaukung'uta mkoba juu ya kitanda cha wagonjwa. Ilitoka pampu ya pumu, kichupa cha mafuta ya mentholi, na pakiti ya vidonge vya maumivu, mchanganyiko wa parasetamo, aspirini na kafeini, vimebaki viwili. Ikatoka nailoni ya vidonge vyeusi vya duara, kama mbegu za papai, visivyo na jina wala lebo, alivyopewa na rafiki kwamba ni "dawa ya kichwa ya Kichina". Mwisho ikatoka paketi ya vidonge vya uzazi wa mpango vya aina ya homoni mbili, estrojeni na projestini.

Daktari aliisoma paketi hiyo mara mbili. Akaniuliza kwa upole kwa nini hakuambiwa. Sikuwa na jibu zaidi ya ukweli.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumpeleka siku hiyohiyo kwa daktari wa mishipa ya fahamu, ghorofa mbili juu. Hospitali kubwa za tiba ya Kichina huwa na idara zote mbili chini ya paa moja, na siku ile hilo lilikuwa na thamani kuliko sindano yoyote. Alipimwa presha, nguvu za mikono na miguu, macho na usemi, akapigwa picha ya ubongo. Hapakuwa na kiharusi wala uvimbe.

Wa pili ni kuacha vidonge vile vya uzazi. Kipandauso chenye aura peke yake huongeza kidogo hatari ya kiharusi. Estrojeni huongeza nyingine juu yake. Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaviweka vidonge vya homoni mbili, kwa mwanamke mwenye aura, kwenye daraja la 4: visitumike. Na hata bila aura, umri wake ulikuwa umeshapita miaka 35, ambapo mwongozo uleule unakuwa mkali. Dada M alichagua kitanzi cha shaba, kisicho na homoni.

Wa tatu ulihusu vidonge vya maumivu. Yeye alikuwa akisema anakunywa "nikizidiwa tu". Daftari lilisema vingine: katika siku 14, siku 9 za kichwa na siku 8 za vidonge, na mwenendo huo ulikuwa na zaidi ya mwaka. Dawa mchanganyiko za namna ile zikitumiwa siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, zenyewe huzaa maumivu ya kichwa. Kwa parasetamo peke yake kikomo ni siku 15. Akaelezwa aache mara moja, na kwamba kwa siku kadhaa kichwa kitamsumbua zaidi kuliko mwanzo. Nilitafsiri sentensi hiyo mara tatu, maana mgonjwa asiyeambiwa hilo ataona tiba imemdhuru, atarudi dukani. Aspirini iliondolewa kabisa kwa sababu ya pumu. Akaruhusiwa parasetamo, isiyozidi siku 2 kwa wiki, pamoja na dawa ya kuzuia kutapika.

Vidonge vyeusi vilitupwa. Daktari wa tiba ya Kichina ndiye aliyekuwa mkali zaidi hapa. Baadhi ya mimea yao ya jadi ina asidi ya aristolokiki, sumu ya figo iliyokuja kujulikana dunia nzima mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya wanawake wa Ubelgiji waliokunywa vidonge vya kupunguza uzito kupata figo kufeli: mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine. Kitu kisicho na lebo, alisema, si dawa ya Kichina wala ya nchi yoyote. Hata mchanganyiko wake mwenyewe aliusimamisha, kwa sababu mambo mengi yalikuwa yanabadilika kwa wakati mmoja na angeshindwa kujua lipi limeleta nini.

Ikabaki kinga, yaani tiba ya kuzuia mashambulizi yasije. Propranololi haikufaa, kwa sababu ya pumu. Flunarizini, inayotumika sana China, alielezwa kwamba huleta usingizi na unene, akakataa. Akaomba aendelee na sindano. Daktari wa mishipa ya fahamu alikubali, kwa sharti la kuonana tena baada ya wiki 8 na daftari mkononi. Haukuwa uamuzi wa kumridhisha mgonjwa tu. Mwongozo wa taifa wa Uingereza wa 2012 nao unaruhusu kufikiria hadi sindano mara 10, ndani ya wiki 5 hadi 8, pale dawa za kinga zisipofaa au zisiposaidia.

Matokeo

Siku kumi za kwanza bila vidonge zilikuwa mbaya sana. Usiku wa nne alinipigia akilia, akiomba ruhusa ya vidonge viwili tu. Jirani yake, mama wa Kikongo anayeuza chakula, alikaa naye mpaka asubuhi, taa imezimwa na kitambaa cha maji baridi kipajini. Mwezi huo daftari lilionyesha siku 15 za kichwa. Mwezi wa pili siku 9, wa tatu siku 6, na siku za dawa 5. Aura ilikuja mara mbili tu katika miezi hiyo mitatu. Kabla ya hapo, kwa maelezo yake, ilikuwa karibu kila shambulio kubwa.

Sindano zilifika 14 kwa jumla, mbili kwa wiki mwanzoni, kisha moja.

Alirudi nyumbani mwaka huohuo. Ramadhani ilipoingia kichwa kilipanda tena, siku 11 kwa mwezi. Halikuwa jambo la ajabu: usingizi uliokatwa vipande, kiu, na chai ya asubuhi iliyotoweka ghafla. Alisogeza daku karibu na alfajiri, akaipunguza chai wiki mbili kabla ya mfungo uliofuata. Mwaka huo zikawa siku 7.

Uchambuzi: nini kilimsaidia?

Watu wa nyumbani walipomwona amepona wengi walisema sindano za Wachina ni kiboko. Naipenda tiba hii, nimeipa miaka ya maisha yangu, na kwa sababu hiyohiyo sitaki ipewe sifa isiyo yake.

Mambo manne yalibadilika kwa pamoja: vidonge vya maumivu viliachwa, homoni ziliachwa, sindano ziliendelea, na mara mbili kwa wiki mwanamke asiyepumzika alilazwa gizani nusu saa bila simu. Ongeza kwamba mtu huja hospitali hali ikiwa mbaya kuliko kawaida yake, na hali iliyofika kileleni mara nyingi hushuka hata bila tiba. Nikilazimishwa kuyapanga, naweka kuacha vidonge vya maumivu kwanza. Mkondo wa daftari, kupanda siku kumi kisha kushuka miezi miwili, ndivyo maumivu yanayozaliwa na dawa yanavyokwenda dawa ikiachwa.

Sindano zilikuwa na sehemu yake. Mapitio ya 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 22 yenye wagonjwa 4,985, yalikuta kwamba idadi ya siku za kichwa ilipungua kwa nusu au zaidi kwa watu 41 kati ya 100 waliochomwa, dhidi ya 17 kati ya wasiochomwa. Ilipolinganishwa na sindano za uongo, zinazochomwa pasipo mahali pake au zisizopenya ngozi, tofauti ilibana: 50 dhidi ya 41. Jaribio la China la 2017 lenye watu 249 lilionyesha mashambulizi yamepungua kwa 3.2 kwa sindano halisi, 2.1 kwa za uongo na 1.4 kwa waliokuwa wakingoja. Jaribio kubwa la Ujerumani la 2006 halikuona tofauti ya maana kati ya sindano halisi, za uongo na dawa za kawaida.

Hesabu hizo nazisoma hivi: kuchomwa sindano na kutunzwa kunasaidia kweli, na mahali hasa pa kuchoma kuna uzito mdogo kuliko nilivyofundishwa. Kuna njia ya mwili inayoweza kueleza sehemu yake. Neva za shingo ya juu na neva za uso hukutana katika shina la ubongo, na Fengchi iko juu ya misuli inayohudumiwa na hizo za shingo. Kwa Dada M, faida kubwa ya sindano naiona mahali pengine: zilimpa kitu cha kushika mkononi wakati anaacha vidonge. Usiku ule wa nne alistahimili kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya sindano.

Uchambuzi: nini kiliharibika?

Njia ya tatu kati ya zile nne ni kuuliza, na daktari aliuliza vizuri. Majibu yalikwama kwangu. "Vinyota" vilikuwa kizunguzungu kwa sababu kizunguzungu ndicho nilichotarajia kusikia; nilikuwa nimeshaona ulimi na mapigo, na utambuzi ulikuwa umeshakamilika kichwani mwangu. "Natumia vidonge vya mpango" ikawa "hana" kwa sababu niliona nimejibu swali. Ukiyaweka maneno hayo mawili pamoja, aura na estrojeni, unapata hatari ya kiharusi. Ukiyatenganisha na kuyapunguza, unapata mwanamke mwenye kizunguzungu asiye na mimba. Kwa wiki mbili tulimtibu huyo wa pili.

Nadharia nayo ina lawama kidogo. Picha ya yang inayopanda ni pana kiasi kwamba karibu kila dalili ya kichwa hupata pa kukaa ndani yake, na dalili ikishakaa haisumbui tena. Hapo ndipo hatari ilipojificha.

Swali la dawa lilichelewa pia. Dada M hakuficha kitu. Kwake dawa ni kile alichoandikiwa na daktari. Vidonge vya dukani ni "vya kichwa" tu, vya mpango ni vya mpango, na vyeusi ni zawadi. Ungemuuliza mara kumi "unatumia dawa gani?" angejibu pampu ya pumu. Mkoba ndio uliojibu.

Kuna jambo linalonikaa rohoni ninapofikiria nyumbani. Matabibu wa Kichina wapo Zanzibar tangu 1964, na kliniki za watu binafsi za dawa za Kichina zimeenea Dar es Salaam tangu miaka ya 1990. Nyingi ni chumba kimoja na kabati la dawa. Aura ikianza kwenye benchi la hapo, hakuna ghorofa mbili juu.

Hali ilivyo sasa

Dada M anaendelea na daftari, sasa ni la tatu. Pumu imetulia. Anafikiria tena dawa ya kinga, kwa sababu siku 6 au 7 kwa mwezi bado ni nyingi kwa mtu anayejitegemea, na safari hii ameshapata daktari wa mishipa ya fahamu wa kumwongoza.

Pale hospitalini, daktari aliongeza mstari mmoja juu ya fomu ya wagonjwa wanaokuja na mkalimani, akaniomba niuandike kwa Kiswahili kwa mkono wangu: "Tafadhali weka mezani kila kidonge, chupa na mfuko ulio nao." Chini yake akaniandikia mimi, kwa Kichina, nitafsiri kila neno hata ninapodhani nimeelewa.